Semmelweis, Daktari Aliyechelewa Kuandika

Sisi tunaosoma falsafa hukutana na jina la Ignaz Semmelweis mapema. Carl Hempel, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu falsafa ya sayansi, alimtumia kuonyesha jinsi dhana zinavyopimwa moja baada ya nyingine, na vitabu vingi vimemfuata. Siku hizi mtafiti hupimwa kwa idadi ya makala alizochapisha na mara alizonukuliwa na wenzake. Kwa kipimo hicho, Semmelweis alipokuwa hai alikuwa karibu si kitu.

Alizaliwa Buda, Hungaria, mwaka 1818, akasomea udaktari Vienna. Mwaka 1846 aliwekwa kuwa daktari msaidizi katika kliniki ya kwanza ya uzazi ya Hospitali Kuu ya jiji hilo. Kliniki zilikuwa mbili. Ya kwanza walijifunzia wanafunzi wa udaktari, ya pili wakunga. Mwaka huo, katika ya kwanza walikufa akina mama zaidi ya 11 katika kila 100, hasa kwa homa ya uzazi. Katika ya pili hawakufika 3. Akina mama walilijua hilo, nao walisihi kwa machozi wasipelekwe ya kwanza.

Semmelweis alijaribu kila dhana, hata ile iliyomgusa padre. Padre aliyempelekea Sakramenti mgonjwa mahututi katika kliniki ya kwanza alipaswa kupita wodi tano, mhudumu akitangulia na kengele. Ilidhaniwa kuwa mlio ule uliwatia akina mama hofu ya kuwaua. Padre akaombwa azunguke njia nyingine, kimya kimya, naye akakubali. Vifo havikupungua. (Tunampenda padre huyo, ambaye hata jina lake hatulijui.)

Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za akina mama wale. Semmelweis akaelewa: madaktari na wanafunzi walitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Mwezi Mei akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Julai ilikuwa kama 1 tu. Oktoba, baada ya kupimwa mwanamke mwenye saratani ya kizazi, wenzake 11 kati ya 12 walikufa. Hapo akajua kuwa sumu hiyo haitoki kwa maiti peke yake.

Basi, alichapisha nini? Hakuna. Rafiki yake Ferdinand von Hebra ndiye aliyetangaza habari hiyo katika jarida la madaktari wa Vienna, Desemba 1847 na Aprili 1848. Semmelweis hakupenda kabisa kuandika, na mwenyewe alilikiri hilo. Mwaka 1850 alizungumza mbele ya chama cha madaktari, kisha mwaka huohuo akarudi Pest. Wengi nchi za nje walimfahamu kwa muhtasari wa watu wengine, wakadhani anasema ni maiti tu, wakampinga kwa jambo ambalo hakulisema.

Hapa hatuwezi kuwatupia wakubwa wa Vienna lawama yote. Walikuwa na kiburi, ndiyo, lakini hawakuwa na andiko lake mkononi la kulisoma na kulipima. Makala yake kwa Kihungaria ilitoka mwaka 1858. Kitabu chake kikubwa kwa Kijerumani, kurasa zaidi ya 500, kina tarehe ya 1861, miaka kumi na zaidi tangu ile ndoo ya klorini. Ni kizito, kimejaa majedwali na manung'uniko. Kilipopokewa vibaya, aliandika barua za wazi akiwaita maprofesa wauaji. Zilisomwa, lakini si kwa namna aliyoitaka. Katika miaka hiyo yote homa iliendelea kuua akina mama Ulaya.

Julai 1865 alipelekwa hospitali ya vichaa ya Vienna. Alipigwa na walinzi, na wiki mbili baadaye, tarehe 13 Agosti, akafa kwa jeraha lililooza na kuingia damuni, akiwa na miaka 47. Mwaka 1867 Joseph Lister alichapisha kazi yake juu ya kuua vijidudu katika upasuaji. Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwaonyesha madaktari wa Paris kijidudu cha homa ya uzazi.