Shaaban Robert: Karani Aliyejua Thamani ya Saa

Jina la Shaaban Robert linapotajwa, aghalabu hutajwa malenga, mwanafalsafa na nguzo ya fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20. Ni nadra kukumbukwa kwamba gwiji huyu hakuwahi kuishi kwa kalamu yake. Tangu alipotoka shuleni hadi alipostaafu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni nchini Tanganyika. Saa zake bora za mchana zilikuwa mali ya mwajiri. Vitabu zaidi ya 20 vinavyohusishwa na jina lake, yakiwemo mashairi, tenzi, riwaya, insha na wasifu, vilitokana na saa zilizosalia. Kwa mwanafunzi anayelalamika kwamba muhula ni mfupi na kazi ni nyingi, maisha ya karani huyu yana jambo la kuzingatiwa.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, enzi ambapo nafasi za shule kwa Mwafrika zilikuwa chache mno. Mwaka huohuo wa 1926, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa kama karani katika idara ya forodha. Huko alidumu hadi 1944, na miongoni mwa vituo alivyofanyia kazi ni Pangani. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, bara kabisa, katika idara iliyoshughulikia wanyama. Mnamo 1946 alirejea Tanga na kutumika katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha akaingia ofisi ya upimaji ardhi mjini humo hadi mwisho wa utumishi wake mnamo 1960. Kwa jumla, hii ni takriban miaka 34 ya kuitikia wito wa ofisi.

Kazi ya ukarani haikuwa ya kuonewa fahari. Utumishi wa serikali ya kikoloni ulipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika, hata awe hodari kiasi gani, alibaki katika ngazi za chini. Uhamisho nao haukujali iwapo mtumishi ana shairi nusu mezani au mgonjwa nyumbani. Hata hivyo, ukarani una nidhamu yake. Shehena iliyoingia bandarini leo haisubiri kesho ndipo iandikwe daftarini. Mtu aliyelelewa na utaratibu huo kwa miaka 18 angeweza kuuchukia, akafika nyumbani asitake tena kuona karatasi. Shaaban Robert alifanya kinyume chake: baada ya kuandika ya ofisi, aliandika yake.

Ushahidi wa mazoea hayo hauko katika vitabu pekee. Upo pia katika barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958. Barua hizo zilihifadhiwa, na mwaka wa 2002 zilichapishwa chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Miaka 27 ya kuandikiana na ndugu ni muda mrefu. Barua haina mshahara wala tuzo, na ni rahisi kuiahirisha wiki hii, kisha mwezi huu, hatimaye undugu ukapoa. Aliyeweza kuudumisha uzi huo kwa muda wote huo alikuwa amekwisha kuifanya kalamu kuwa sehemu ya siku yake, kama chakula na usingizi.

Mfano mwingine ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Utenzi huo una beti zipatazo 3,000. Mwenye kuzitazama beti hizo kwa mkupuo mmoja hukata tamaa kabla ya kuanza. Lakini zigawanywe: mtu atungaye beti tano kila siku, bila kukosa, atazimaliza kwa siku 600, yaani chini ya miaka miwili. Beti tano za utenzi ni mishororo 20 mifupi. Bandu bandu huisha gogo, na si kila gogo huhitaji shoka kubwa. Lingine huhitaji mkono usiochoka kurudi.

Isidhaniwe kwamba mkono huo haukupata misukosuko. Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto na kazi ya ofisi palepale. Msiba wa namna hiyo huvunja mazoea yote. Kwake yeye, mazoea ndiyo yaliyompa pa kushika. Shairi linalobeba jina la marehemu limebaki miongoni mwa maombolezo mashuhuri katika ushairi wa Kiswahili. Naye alitunga tenzi mbili za wasia, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake. Baba ambaye ofisi ilimnyang'anya mchana aliwaachia wanawe maneno ambayo wangeweza kurudi kuyasoma wakati wowote.

Jambo gumu zaidi ni kwamba bidii hii haikuwa na ahadi ya malipo. Kufikirika iliandikwa mnamo 1946, lakini haikuchapishwa hadi 1967. Pambo la Lugha lilichapishwa mbali sana na Tanga, huko Johannesburg. Maisha Yangu ilitoka mwaka wa 1949, Kusadikika ikafuata mwaka wa 1951 na Adili na Nduguze mwaka wa 1952. Mwandishi aliyengoja kitabu kimoja kitoke ndipo aanze kingine asingefika mbali. Yeye alikuwa akiendelea na kazi mpya huku miswada mingine ikiwa bado imelala. Alitofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: kuandika kulikuwa mikononi mwake, kuchapishwa hakukuwa.

Heshima zilikuja pia. Alipata tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE, na alikuwa mwanachama wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Majukumu hayo nayo yalidai muda, na yote yaliingia katika maisha ya mtu ambaye bado alikuwa akiripoti kazini.

Alipostaafu, hatimaye mchana ulikuwa wake. Haukudumu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi wa Juni 1962 Shaaban Robert akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Machui, karibu na alikozaliwa. Laiti angaliiweka kazi yake akiba hadi siku ya kustaafu, angalipata miaka miwili tu au pungufu. Mwaka wa 1967 zilichapishwa Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, na mwaka wa 1968 zikatoka Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaiacha kazi ya mjini akaenda kulima. Mwandishi mwenyewe hakupata uhuru wa kuiacha ofisi mapema namna hiyo.

Si haki kusema kwamba ukosefu wa wakati ulimfaa. Serikali iliyomweka karani mtu wa kipawa hicho iliipotezea jamii mengi ambayo hayatajulikana kamwe. Mazoea yake hayakuufuta udhalimu huo. Yaliokoa kile ambacho ungekipoteza. Hilo ndilo funzo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ambao tasnifu, tafsiri na diwani zao zinasubiri likizo. Likizo huja na mambo yake. Ukurasa mmoja ulioandikwa leo jioni, hata kama umejaa makosa, unaweza kusahihishwa kesho. Ule uliongojewa hauna cha kusahihishwa. Karani wa Tanga hakuwa na siku yenye saa 25. Alikuwa na zilezile 24, na nyingi kati yake zilikuwa za mwenzake.