Edward Saidi Tingatinga: Mwanamuziki na Mchoraji

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932. Kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga alihamia Dar es Salaam, akamtumikia Mwingereza. Baada ya uhuru wa 1961 alitafuta riziki, pamoja na mengineyo, kwa muziki. Mnamo 1968 alianza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Wahakiki walioiita kazi hiyo sanaa ya watalii walimtazama mnunuzi, wakamsahau msanii. Madoa ya chui wake, yanayojirudia juu ya uga wa rangi moja, yanastahili kuhakikiwa pamoja na mapigo ya muziki aliouzoea. Mwaka 1972 polisi walimuua kwa risasi, wakimdhania mhalifu. Wanafunzi wake, January Linda miongoni mwao, waliendelea kuchora.