George Lilanga: Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa



Nilipoombwa niandike juu ya mtu mashuhuri wa kusini, nadhani wahariri walitazamia mwanasiasa. Nimemchagua mlinzi wa usiku.

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu, kwa wazazi Wamakonde. Alianza kuchonga kwa mizizi laini ya muhogo, kisha akahamia kwenye mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akamsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi. Zipo nchi ambako mkurugenzi wa jumba la sanaa huacha kiti akashika brashi. Kwetu aliyevuka alikuwa mlinda mlango, na njia yake ilikuwa ndefu zaidi.

Vinyago vyake vilipoonekana, aliingizwa katika kundi la wasanii. Humo alikutana na wino, batiki, ngozi za mbuzi na rangi za kila namna. Mashetani ya Kimakonde, ambayo wachongaji waliyatoa katika mpingo mweusi, yeye akayavika nyekundu, njano na buluu. Yana masikio makubwa, matumbo yaliyotuna, vidole viwili au vitatu; yanacheza ngoma, yanakunywa, yanagombana. Shetani wa Lilanga hatishi hata kidogo. Anafanana na jirani.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Baadaye Jean Pigozzi, mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika, alizinunua. Kisukari kilimkata mguu, na vijana wa karakana yake wakawa wanamsaidia kupaka rangi. Wapo wanaolalamika kwamba mkono wake haujulikani tena ni upi. Mimi silioni kosa. Fundi na vijana wake ndivyo walivyofanya kazi tangu zamani. Alifariki tarehe 27 Juni 2005, wakati maonyesho makubwa ya Africa Remix, yenye kazi zake, yakiwa Paris.

Nami nina la kuungama. Miaka ya 1990, tukiwa Ndanda, Jumamosi tulimpita mzee mmoja akichonga kwa tezo chini ya mwembe. Tulimcheka. Tulimhesabu kuwa mtu aliyekosa shule, na hakuna aliyewahi kukaa naye hata dakika kumi.

Miaka mingi baadaye nilimpokea mgeni wa serikali katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Ukutani palikuwa na picha ya Lilanga. Mgeni akaniuliza hao ni viumbe gani na wanafanya nini. Mimi, mtoto wa kusini mwenye shahada, nikababaika. Aliyemweleza, kiumbe baada ya kiumbe, alikuwa mlinzi wa mlangoni, kijana wa Newala, nami nikasimama pembeni na faili langu nikisikiliza.