Mzee wa Maktau

Vijana wetu wa leo wanaposikia neno komando, fikira zao huenda kwenye picha za sinema: kijana kifua wazi, kamba mkononi, anaruka kutoka kwenye eropleni. Neno lenyewe ni la Makaburu wa Afrika Kusini, na aliyestahili kuitwa hivyo katika vita vya Taita Taveta mwaka wa 1915 alikuwa mzee wa miaka 63, mwenye ndevu za mvi na mpenda chai asiye na kifani. Huyo ni Frederick Courteney Selous.

Alizaliwa London tarehe 31 Disemba 1851, katika nyumba ya watu wenye nafasi. Hakuna jeshi lililompa mafunzo. Alijifunza mwenyewe tangu utotoni. Yasimuliwa kwamba akiwa shuleni, mwalimu alimkuta usiku amelala sakafuni, kitanda kitupu, naye hana ila kanzu ya kulalia. Alipoulizwa, akajibu kuwa anauzoeza mwili, maana atakuwa mwindaji Afrika na huko atalala chini. Sisi tuliolala juu ya mikeka tangu kuzaliwa twaweza kucheka, lakini kwa mtoto wa Kizungu wa zama zile hilo lilikuwa jambo la ajabu. Mwaka wa 1867 barafu ya ziwa la Regent's Park ilivunjika, wakafa watu 40. Kijana Selous alikuwamo, naye alijiokoa kwa kutambaa juu ya vipande vya barafu hadi ukingoni.

Mwaka wa 1871 alifika Afrika Kusini. Mfalme Lobengula wa Wamatabele alimcheka alipoomba ruhusa ya kuwinda ndovu, kwa kuwa alimwona mtoto mdogo. Ruhusa akapewa. Lakini mtihani hasa ulimfika mwaka wa 1888, ng'ambo ya Zambezi, kambi yake iliposhambuliwa usiku na Mashukulumbwe. Watu wake kadhaa wakauawa. Akatoroka peke yake, na bunduki aliyobaki nayo ikaibwa kijijini alikoomba hifadhi. Akaendelea kwa miguu kuelekea kusini, bila silaha, hata akakutana na wenziwe waliosalimika. Mtihani kama huo haupangwi na sajini yeyote.

Tusimpambe kupita kiasi. Mwaka wa 1890 ni yeye aliyewaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes walipokwenda kuitwaa nchi ya Washona. Ujuzi wa pori alioupata kwa ukarimu wa wenyeji ukageuka dira ya kuwanyang'anya.

Vita vilipozuka mwaka wa 1914 aliomba kupigana, akaambiwa umri umempita. Hakunyamaza, mpaka akapokewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji na watembezi wa dunia. Wakubwa waliona watu wa namna hiyo hawahitaji mazoezi, wakawatuma vitani vivyo hivyo. Walitua Mombasa Mei 1915, na mwezi uliofuata wakaiteka Bukoba.

Kisha wakaletwa upande wa Voi. Wadachi walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na vikosi vyao vidogo vikivuka nyika isiyo na maji, baruti mabegani, kwenda kulipua reli ya Mombasa. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi hadi Maktau. Hapo Maktau, katika vumbi na miiba, kikosi kikayeyuka kwa malaria na kuhara damu. Vijana wakianguka, mzee Selous akitembea, maana pori lilikuwa limemfunza miaka 40. Tarehe 3 Septemba 1915 doria yao iliviziwa karibu na Maktau. Luteni Wilbur Dartnell, aliyekwisha kujeruhiwa mguu, alikataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake, akauawa. Kaburi lake liko Voi.

Na wapagazi je? Makumi ya maelfu walikufa katika vita vile, wengi kwa njaa na maradhi. Hao hawakuulizwa umri wala kupimwa kifua. Walishikwa, wakatwikwa mizigo. Mimi nikipima ustahimilivu wa mwili, wao nawaweka mbele ya Selous na Dartnell wote wawili.

Selous alipewa nishani ya DSO mwaka wa 1916. Alirudi Uingereza kupasuliwa, akapona, akarejea vitani. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, mdunguaji alimpiga risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 65. Mwanawe, rubani, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba.

Mwaka wa 1922 mbuga kubwa ya kusini mwa Tanganyika ilipewa jina lake. Mwaka wa 2019 Tanzania ilikata sehemu kubwa ya mbuga hiyo na kuifanya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la Selous limo humo.