Charles Wilson, mtoto wa mfugaji aliyeitabiri radi ya juu ya mawingu

Anayevuka Ziwa Victoria usiku, au anayelala ndani ya lori kwenye foleni ya Mutukula, anaijua radi kwa upande wake wa chini: mwanga, ngurumo, kisha mvua inayotafuta tundu kwenye turubai ifike kwenye mzigo. Lakini wingu la radi lina upande wa juu pia. Huko, kilomita 50 hadi 90 kutoka ardhini, mara nyingine huwaka miali mikubwa myekundu ambayo hutoweka kabla jicho halijapepesa. Aliyesema kwamba jambo hilo lazima litokee alifariki mwaka 1959, miaka 30 kabla ya mtu yeyote kulipata kwenye picha.

Charles Thomson Rees Wilson alizaliwa Februari 14, 1869, kwenye shamba la kondoo karibu na Edinburgh, Uskoti. Alikuwa na miaka minne tu baba yake alipofariki. Mama akahama na watoto kwenda Manchester, mji wa viwanda, ambako maisha hayakuwa mepesi. Aliyemsomesha ni kaka yake, William, aliyekuwa akifanya biashara Calcutta, India, na kutuma fedha nyumbani. Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wanaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Charles alianza na baiolojia, akitaka kuwa daktari, lakini alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge akahamia fizikia.

Septemba 1894 alikwenda kukaa wiki mbili katika kituo cha hali ya hewa juu ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Alirudi akiwa ametekwa na mawingu na rangi ambazo jua huzichora juu yake. Mwaka uliofuata, Juni, alikuwa tena kwenye milima hiyo wakati wa dhoruba, akahisi nywele zikimsimama kichwani kwa nguvu ya umeme uliojaa hewani. Alikimbia kushuka, na alikuwa na haki ya kukimbia.

Alianza kutengeneza mawingu ndani ya chombo cha kioo. Hewa yenye unyevu hutanuliwa ghafla, ikapoa, na mvuke ukaganda kuwa matone juu ya chembe zenye chaji ya umeme. Vioo alivitengeneza mwenyewe, na vilivunjika mara nyingi. Alikuwa mpole, mwenye kigugumizi, na hakuwa mhadhiri wa kusisimua, ila subira yake haikuwa ya kawaida. Mwaka 1911 aliona ndani ya chombo hicho nyuzi nyembamba za ukungu, ambazo ni njia za chembe ndogo kuliko atomu. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1927, akiigawana na Mmarekani Arthur Compton.

Wengi humkumbuka kwa kifaa hicho. Hoja yake ya radi ilikaa pembeni, ingawa ndiyo yenye ujasiri zaidi. Katika miaka ya 1920, baada ya kupima kwa muda mrefu umeme wa mawingu, alitazama vitu viwili vinavyopungua kadiri unavyopanda juu. Cha kwanza ni nguvu ya umeme wa wingu: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo hubaki sehemu moja ya nane. Cha pili ni uwezo wa hewa kuuzuia umeme, unaopungua kwa takriban nusu kila kilomita tano au sita, kwa kuwa hewa yenyewe inazidi kuwa nyepesi. Ni kama bei mbili zinazoshuka, moja ikishuka kwa kasi zaidi. Ipo siku itakuwa chini ya mwenzake. Wilson akasema kwamba mahali fulani juu sana hewa itashindwa, na cheche itatokea mbali kabisa juu ya wingu.

Ushahidi haukuja. Taarifa za marubani walioona miali ya ajabu juu ya dhoruba hazikupewa uzito. Mwaka 1955, akiwa na miaka 86, mzee huyo alipanda ndege kwenda kuyatazama mawingu kwa karibu, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake ya umeme wa mawingu ya radi. Alifariki Novemba 15, 1959, kijijini Carlops, Uskoti, akiwa na miaka 90.

Julai 6, 1989, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakijaribu kamera ya mwanga hafifu kwa kazi nyingine, walikuta miali hiyo kwenye mkanda wao. Baadaye ikaitwa spraiti, jina lenye maana ya kijini.

Tatizo ni muda. Spraiti hudumu sehemu chache za elfu za sekunde, na kamera ya kawaida huipata kwenye picha moja tu, ikiwa ina bahati. Ya kasi kubwa nayo hujaza hifadhi yake kwa giza tupu. Ndiyo maana sasa hutumika kamera za matukio: kila nukta yake hukaa kimya hadi mwanga ubadilike, kisha huandika mahali na wakati kwa kipimo cha sehemu za milioni za sekunde. Mwaka 2023 mwanaanga Andreas Mogensen wa Denmark alielekeza kamera ya aina hiyo kwenye dhoruba akiwa Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kwa macho, aliye chini ya dhoruba haoni chochote, maana wingu lenyewe humziba. Anayeweza kubahatika ni aliye mbali, kilomita mia mbili au tatu, mwenye anga safi mbele yake: tuseme aliye ufukweni Mwanza, usiku wa giza, radi zikipiga upande wa Uganda, naye akitazama juu ya wingu badala ya ndani yake.