Imamu Ghazali na Mtoto wa Chuku

Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058). Yeye na nduguye walifiwa na baba wangali wadogo. Mwaka 1091 alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya, Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika. Akikaa kusomesha, neno halitoki, chakula hakishuki, matabibu wakamkatia tamaa. Akaacha cheo na mali, akenda Sham kama fukara.

Twayataja haya kwa kuwa wako wadhanio kwamba kadari husifiwa na walioshiba tu. Katika Ihyaa aliandika kwamba hakuna ulimwengu uwezao kuwa bora kuliko huu tulio nao. Wanazuoni wengi wakampinga: je, uwezo wa Mola una mpaka? Pingamizi hiyo, kwetu sisi, ni nzito, na mjadala wake ulidumu karne nyingi.

Mfano wake katika sherehe ya Majina ya Mwenyezi Mungu watukaa moyoni zaidi. Mtoto mgonjwa ataka kuumikwa kwa chuku. Mama, kwa huruma, akataa, baba amlazimisha. Mjinga humwona mama ndiye mwenye rehema, kumbe uchungu mchache ndio uletao afya. Na shari tusiyoiona kheri yake, asema Imamu, tuzituhumu kwanza akili zetu.

Lakini mtoto wa chuku hupona. Mzazi aliyekwisha kuzika mwanawe atauliza, na haki yake kuuliza, afya iko wapi. Hapo Imamu hakudai kujua. Alisema iko siri ya kadari isiyofichuliwa. Alifariki Tus mwaka 505 (1111), Mwenyezi Mungu amrehemu.