Habib Swaleh: Mwalimu aliyewafungulia wanyonge mlango wa elimu Lamu

KILA mwaka, mwezi wa Mfungo Sita unapokaribia kwisha, mji wa Lamu hufurika wageni. Matari husikika usiku mtaani Langoni, na Msikiti wa Riyadha hujaa hadi watu wakasimama nje. Wengi huja kusoma maulidi. Si wote wanaokumbuka kwamba mwasisi wa msikiti huo alikuwa mgeni asiye na mali, na kwamba alilaumiwa kwa kuwasomesha watu walioonekana hawastahili kusoma.

Habib Swaleh bin Alwi Jamalullail alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Alifika Lamu angali kijana, akapokewa na jamaa zake waliomtangulia, akakaa chini ya wanazuoni wa mji kutafuta elimu.

Lamu ya wakati huo ilikuwa mji wa matabaka. Waungwana waliishi Mkomani katika majumba ya mawe, huku mashamba yao ya bara yakilimwa na watumwa. Langoni, upande wa kusini, kulikuwa na vibanda vya makuti vya wageni, wachukuzi, mabaharia na watumwa walioachwa huru. Elimu ya juu ya dini, yaani fikihi, tafsiri na sarufi ya Kiarabu, ilikuwa kama mali ya urithi. Ilipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana katika koo chache, na mtoto wa mtumwa hakuhesabiwa miongoni mwa warithi.

Habib Swaleh alichagua kukaa Langoni. Alijua tiba, na wagonjwa maskini walimwendea. Alikula nao na kuwazika wafu wao, kisha akawakusanya watoto wao na kuwafundisha. Jambo hilo liliwaudhi wakubwa. Ikiwa mwana wa mchukuzi angeweza kusoma kitabu kilekile na mwana wa bwana, tofauti kati yao ingebaki wapi? Lawama ziliongezeka aliporuhusu matari yapigwe katika maulidi, jambo ambalo wapinzani wake waliliona kuwa ni kuivunjia dini heshima.

Hakurudi nyuma. Kwa mawasiliano na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka wa 1915, alipata mfano wa kufuata. Sheikh huyo alikuwa na chuo ambamo wanafunzi walilala, wakala na kusoma. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, Riyadha ya Lamu ilikuwa imesimama kwa mtindo huo, juu ya ardhi ya wakfu. Sadaka za waumini ziliwalisha vijana ambao wazazi wao hawakuwa na cha kutoa. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa ufadhili wa masomo.

Wakati nao ulikuwa upande wake. Mwaka wa 1907 serikali ya kikoloni iliifuta hadhi ya utumwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mashamba ya mabwana yalikosa wafanyakazi na utajiri wa Mkomani ukapungua. Sheria iliwapa watu uhuru bila kuwapa elimu wala heshima. Pengo hilo ndilo Riyadha ililojaribu kuliziba.

Fikira kama hiyo ilizuka mbali, katika mazingira tofauti kabisa. Mwaka wa 1930, karibu na Chicago, mchezaji gofu Chick Evans, ambaye utotoni aliwabebea matajiri mifuko ya vigongo na baadaye akashindwa kumaliza chuo kikuu, alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana wa kazi hiyo. Zaidi ya 10,000 wamehitimu kupitia mfuko huo. Mmoja alikuwa mwanamichezo, mwingine sharifu. Wote wawili waliona kwamba anayebeba mzigo wa mwenzake ana akili ya kubeba kitabu.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930 akiwa mzee sana. Wanawe na wajukuu waliendeleza kazi, na wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki walipita Riyadha, wakarudi makwao kufundisha. Wajukuu wa waliompinga nao huketi leo katika maulidi yake.

Mwaka wa 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa, na swali la nani asomeshwe ili apate kazi za maana limerudi kwa sura nyingine. Wazazi wa visiwani bado hutafuta basari kwa jasho. Wenye uwezo wa kutoa wanaweza kuanza pale alipoanzia mgeni huyu wa Ngazija, ambaye alimtazama mtoto kabla ya kuuliza ni wa nani.